Buti za Marehemu Alois

Inspekta Raya alizikuta buti za marehemu zikiwa miguuni mwa muuza vitunguu pale Dumila, kandokando ya barabara ya Dodoma, zimekanyagwa visigino kama ndala za kwendea bafuni.

"Vua," alisema.

Muuza vitunguu, Luqmani, alimtazama kuanzia viatu mpaka ushungi, kisha akamtazama Koplo Amosi aliyesimama nyuma yake na mfuko wa vielelezo. Aliendelea kupanga vitunguu kwenye ndoo.

"Salamu kwanza, afande. Hata mwizi husalimiwa."

"Habari za kazi. Vua."

"Nzuri. Nivue kwa kosa gani? Mimi Mzigua, yule Mluguru. Nani alichimba kaburi? Mimi. Nani alimlaza ndani? Mimi. Viatu vya marehemu ni haki ya mtani, na hata padri alikuwa pale akiona navichukua."

"Vinatakiwa na serikali."

"Serikali ni mtani wa nani?"

Koplo Amosi alicheka. Raya aligeuka kumtazama, na kicheko kikaishia hapo.

Hasira ya Raya haikumhusu Luqmani peke yake, ila ndiye aliyekuwa karibu. Wiki iliyopita Alois, mwongoza watalii wa Njia ya Vyungu, alikutwa amekufa kwenye korongo milimani juu ya Mzumbe. Askari wa kwanza kufika waliandika ajali, wakawakabidhi ndugu maiti na kila kilichokuwa mwilini, wakarudi mjini kula. Hakuna aliyepima kitu. Hakuna aliyeona ajabu kwamba mtu aliyeichonga njia ile kwa sururu yake mwenyewe, njia ambayo ubao wake unasema wazee na watoto wanaiweza, aanguke humo na kuvunjika fuvu, mbavu na nyonga. Pale alipokutwa, njia iko juu ya mchanga kwa kimo cha mtu mmoja tu. Mtu akianguka pale atateguka kifundo, atatukana, ataendelea na safari. Daktari aliyeukagua mwili kabla ya maziko alikuwa ameliandika hilo kwa adabu. Mkuu wa Raya alilisoma kwa adabu vilevile, kisha akataka jalada lifungwe leo jioni.

"Kwa nini umezikanyaga visigino?" Raya aliuliza.

"Zinanibana."

"Wewe unavaa namba ngapi?"

"Arobaini na tatu."

Raya alichuchumaa, akaukunjua ulimi wa buti ya kulia hali mguu wa mwenyewe ukiwa bado ndani. Namba ilikuwa imefifia lakini ilisomeka. Arobaini na moja.

"Alois alikuwa mtu mfupi?"

"Alois?" Sasa Luqmani aliacha vitunguu. "Alois alikuwa na miguu kama mitumbwi, afande. Miaka yote nilikuwa namwambia, wewe Mluguru, ukifa viatu vyako nitavifanya kitanda. Sasa siku ya msiba nikasema nizivae nimwigize anavyotembea, watu wacheke kidogo, maana msiba ulikuwa mzito. Kuzivaa, haziingii. Mimi mwenye mguu wa kawaida. Nikawaambia waombolezaji, jamani, kumbe mauti humpunguza mtu, Alois kafa mkubwa kafika kwa Mungu mtoto. Walicheka mpaka dada yake akacheka."

"Hukumwambia mtu kwamba buti si zake?"

"Nilimwambia kila mtu. Nilisema kwa sauti, kaburini, mbele ya padri na mwenyekiti wa kijiji." Luqmani aliinua mabega. "Lakini mimi mtani. Mtani akisema, watu wanacheka. Ndiyo kazi yake. Hata mpwa wa marehemu aliziomba baadaye, eti abaki na kumbukumbu ya mjomba. Nikakataa. Haki ya mtani hairudishwi."

Raya alisimama. Ushahidi ulitangazwa hadharani mbele ya kijiji kizima, na kijiji kizima kikaupigia makofi. Alitamani kumpiga mtu, na hakukuwa na mtu anayestahili.

"Vua, mzee wangu," alisema, safari hii polepole. "Nitakununulia nyingine. Huyu ndugu yako hakuanguka mwenyewe."

Luqmani alizivua. Alibaki amesimama pekupeku kwenye vumbi la Dumila, utani wote umemtoka.

*

Walipita Morogoro mjini bila kusimama, wakashika barabara ya Iringa. Koplo Amosi aliendesha. Raya alikuwa na mfuko wa vielelezo magotini.

"Nieleze kwa nini kijiji kilikubali kuwa ni ajali," alisema.

"Kwa sababu alikutwa amevaa buti, afande."

"Endelea."

"Pale kuna sehemu mbili tu za kuanguka. Njia yenyewe, na juu ya Mfuniko. Na Mfuniko haupandwi na viatu. Kwa hiyo aliyekutwa na viatu kaanguka njiani."

Ndivyo walivyosema wote, na walisema kweli ya kwao. Vyungu ni mawe ya mchanga yaliyopandana ndani ya korongo kavu, upande wa magharibi wa Uluguru, upande ambao mvua hufika imechoka. Maji ya enzi hizo yaliyachonga yakawa na matumbo na shingo, jekundu juu ya la manjano, na la juu kabisa ni bapa. Hilo ndilo Mfuniko. Watu wa ukoo wa Alois hupanda pale kuomba mvua, Wakatoliki wazuri waliotoka misa asubuhi hiyohiyo, na kabla ya kupanda huacha viatu chini. Wageni huishia njiani, wakapiga picha na kunywa maji yao ya chupa.

"Daktari anasema alianguka kutoka juu sana," Raya alisema. "Maana yake alikuwa Mfuniko. Maana yake alikuwa pekupeku. Maana yake mtu alimvisha viatu akiwa maiti, ili ionekane kaanguka njiani. Na alimvisha visivyo vyake."

"Frank," Amosi alisema papo hapo.

Jina hilo lilikuwa mdomoni mwa Raya tangu Dumila. Frank alikuwa meneja wa kambi ya watalii iliyo mwanzoni mwa njia, na kwa miezi kadhaa alikuwa akimsumbua Alois aruhusu wageni wapande Mfuniko. Alois alikataa kila mara. Raya alishamhoji Frank mara mbili, na mara zote mbili alitoka akiwa na kichwa kinachouma kwa kuitwa "dada".

Walimkuta kwenye baraza ya kambi, miguu juu ya kiti cha pili. Miguuni alikuwa na buti. Rangi ileile, kamba zilezile, soli ileile.

"Karibu, dada Inspekta. Bado tu?"

"Buti hizo umezipata wapi?"

"Hizi? Nililetewa shehena na mfadhili. Nikawapa waongoza wageni wangu wote watatu, na mimi nikachukua. Ni kama sare."

"Watatu ni nani na nani?"

"Marehemu, mpwa wake Kasimiri, na yule kijana wa Kilosa. Wa Kilosa siku ile alikuwa Mikumi na wageni, ulishathibitisha mwenyewe."

"Alois alipewa namba ngapi?"

"Arobaini na tano. Kubwa kuliko zote kwenye boksi. Wengine walijichagulia."

"Na wewe?"

"Arobaini na moja."

Koplo Amosi alivuta pumzi. Raya alimwona akigusa pingu kiunoni, na kwa kweli yeye mwenyewe alikuwa tayari ameifurahia sura ya Frank ikisukumwa ndani ya gari. Akamwamuru avue. Frank akavua huku akilalamika. Zilikuwa zake. Soli ilikuwa imelika upande wa ndani, kama anavyotembea yeye, na ndani soksi zake zilikuwa zimeacha manyoya ya kijani.

"Umewahi kupanda Mfuniko?"

"Mara moja. Nilipanda na droni nipige picha za tangazo."

"Pekupeku?"

"Pekupeku kwa nini? Mawe yanaunguza. Nilipanda na viatu vyangu. Alois alinikuta, alinifokea mbele ya wageni kama mtoto mdogo. Nusura nimfukuze kazi siku ile."

Alisema hivyo kwa majivuno, bila kujua kwamba kauli hiyo ndiyo iliyomwokoa na mahabusu. Raya alitoka barazani akipiga hatua kubwa, na Amosi akamkimbilia.

"Afande, tunamwacha? Ana sababu, ana namba ileile."

"Fikiri. Buti zimebadilishwaje?" Raya alisimama katikati ya uwanja wa kambi. "Mtu akitaka kumvisha maiti, anachukua viatu vilivyo chini ya jiwe. Kama Alois alipanda na mtu kama Frank, chini kuna jozi moja tu, ya Alois. Frank zake ziko miguuni. Hata awe na haraka vipi, hawezi kukosea. Ili ukosee, lazima chini pawe na jozi mbili, zinazofanana. Aliyemuua Alois alivua zake pia."

Amosi alifikiri. Uso wake ulibadilika taratibu.

"Wa ukoo," alisema.

"Wa ukoo, mwenye buti za kambi. Wapo wangapi?"

Waliokuwa na sifa hizo walikuwa wawili tu, na mmoja alikuwa kaburini. Raya alihisi hasira ikimgeukia yeye mwenyewe. Alikuwa amepoteza siku nzima akitamani muuaji awe Frank kwa sababu tu Frank alikuwa anachukiza.

*

Magdalena alikuwa akiwasubiri penye ubao wa njia. Ndiye dada wa Alois, mama wa Kasimiri, na kwa sasa ndiye mkubwa wa ukoo upande wa kina mama, ambao kwa Waluguru ndio upande wenye ardhi. Tangu siku ya maziko hakumwachia Raya nafasi ya kupumua. Alikwenda kituoni kwa miguu mara tatu. Alikaa kwenye benchi la mapokezi na kikapu cha mchicha magotini, akakataa kuondoka mpaka mtu amwambie nani alimuua kaka yake. Kasimiri alisimama kando yake, kijana mwenye kofia ya kambi, mpole, ambaye kila mtu alimsifu kwa jinsi alivyoushughulikia msiba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yangu. Umempata?"

Raya alizungumza akiwa amemtazama usoni, maana kumdanganya mama huyu kungekuwa dhambi ya pili. "Leo nitampata. Lakini nikimpata, mama, utaniruhusu nimchukue? Hata akiwa nani?"

"Hata akiwa askofu," Magdalena alisema. "Amemtupa kaka yangu kama mfuko wa takataka. Nakuambia mbele ya mwanangu, hata akiwa nani."

Kasimiri alikuwa akitazama chini.

Walishika njia. Ilikuwa njia nyepesi kweli. Alois alikuwa amepanga vijiwe pembeni, akaweka magogo ya kukalia penye kivuli, akatengeneza vidaraja pale mchanga unapozama. Korongo lilipojifunga pande zote mbili, ukuta mwekundu huku na ukuta mwekundu kule, alikuwa amechimba mahali pa kushika kwa wenye magoti mabovu. Raya alishika pale, na ikamkera zaidi. Mtu aliyefikiria magoti ya wageni asiowajua alikuwa amekufa, na watu walikuwa tayari kuandika kwamba alijikwaa.

Chini ya Vyungu walisimama. Mfuniko ulikuwa juu yao kwa kimo cha nguzo mbili za umeme.

"Nataka kuona huko juu," Raya alisema. "Kasimiri, nipandishe."

"Mgeni hapandi, afande. Samahani."

"Mama?"

"Nimeruhusu," Magdalena alisema. "Ukoo ni wa kwetu wanawake na kaka ni wangu. Mpandishe, aone."

Kasimiri alisita kidogo. Kisha akainama, akafungua kamba, akavua buti zote mbili na kuziweka sambamba kwenye jiwe bapa lililolainishwa na viatu vya vizazi vyote. Hakufikiri. Ungeweza kumwona hakufikiri. Akazunguka nyuma ya mawe na kuanza kupanda, na Koplo Amosi, kama walivyopanga, akazunguka nyuma yake na kusimama mwanzo wa ngazi za mawe.

"Huji, afande?" sauti ilitoka juu.

"Tangulia."

Raya aliinua buti ya kulia. Ndani, upande wa vidole, ilikuwa imeshindiliwa vipande vya sponji la godoro. Alivitoa, akavitia mfukoni. Akakunjua ulimi. Arobaini na tano.

Alipoinua macho, Magdalena alikuwa ameshaichukua buti ya kushoto. Aliigeuza mkononi mara moja tu. Raya alikuwa na maneno aliyoyaandaa tangu kambini, maneno mazuri, ya pole. Hayakuhitajika.

"Huyu anavaa arobaini na moja," Magdalena alisema. "Nimemnunulia viatu tangu anatambaa."

Kisha akaichukua ya kulia kutoka mikononi mwa Raya, akazibana zote mbili kifuani, akatoka kwenye kivuli cha mawe mpaka pale mtu wa juu anapoweza kumwona.

"Kasimiri."

Kijana alitokeza ukingoni mwa Mfuniko. Alimwona mama yake, akaona alichobeba. Alibaki pale, vidole vya miguu vikiwa nje ya ukingo, na kwa kitambo Raya alijiona mjinga kuliko askari wote wa Morogoro. Alimpeleka muuaji juu ya jiwe refu na hakufikiria njia ya kumshusha.

"Ukiruka utakuwa umenizikisha wawili," Magdalena alisema. Hakupandisha sauti. "Shuka."

Akashuka.

Amosi alimleta amemshika mkono. Kasimiri hakuulizwa, alianza mwenyewe, akimwambia mama yake na si polisi. "Wageni wote wanauliza huko juu, mama. Kila siku wanauliza. Bosi Frank alisema ukoo ukikubali, mimi ndiye nitakuwa mkuu wa njia. Nikamwambia mjomba. Akanileta hapa, akasema wewe ndiye utakayerithi, apa mbele ya mababu kwamba hutawapandisha. Nikakataa. Akanishika shati, ananitikisa, anasema basi si mtoto wa dada yake. Nikamsukuma. Kusukuma tu."

"Ukamvisha buti," Raya alisema.

"Nilijua akikutwa pekupeku watajua alikuwa juu, na watauliza alipanda na nani. Mvua ilikuwa inanyesha. Ziligoma kuingia, nikadhani ni maji, nikazilazimisha. Buti zote ni moja."

"Ulitaka wageni wapande na viatu vyao."

"Ndiyo. Mzungu gani atavua?"

"Na siku ile mnapanda, ukiwa na wazo hilo, ukavua zako."

Kasimiri alimtazama kwa mshangao wa kweli, kana kwamba ameulizwa kwa nini anapumua. "Pale hapapandwi na viatu, afande."

"Jiwe umeliheshimu," Magdalena alisema.

Hilo tu. Kasimiri alianza kulia, mdomo wazi, kama alivyolia msibani, na Raya akatambua kwamba hata kile kilio cha msibani hakikuwa cha uongo. Hilo nalo lilimchukiza. Angependelea muuaji mwenye uso wa Frank.

Amosi alimfunga pingu. Kijana alizinyooshea buti mikono yake iliyofungwa, akimwomba mama yake kwa macho ampe avae, maana changarawe ilikuwa inaunguza.

"Hizi za kaka yangu," Magdalena alisema. "Utakwenda hivyo hivyo."

Akaenda hivyo hivyo. Walirudi kwa njia ileile ya wazee na watoto, Amosi na Kasimiri mbele, Raya katikati, mama nyuma. Penye magogo ya kivuli walipishana na kundi la wageni, na mmoja wao, mwanamke mwenye kofia pana, akamwuliza Raya kwa uchangamfu kama inaruhusiwa kupanda lile jiwe la juu. Raya alimjibu hapana kwa sauti iliyofanya kundi zima lisogee pembeni.

Kambini Frank alikuwa amesimama barazani. Alipomwona Kasimiri na pingu alianza kusema yeye hakumtuma mtu kufanya lolote, alitoa ahadi ya kazi tu, kutoa ahadi si kosa. Alikuwa na haki. Hakuna kifungu cha sheria ambacho kingemgusa, na Raya alivijua vifungu vyote. Alipita bila kumsalimu.

Kwenye gari Magdalena alizifuta buti vumbi kwa upindo wa khanga, ndani na nje, na Raya, aliyepaswa kumzuia, alimwacha amalize. Kisha mama akampa Koplo, ambaye alizitia kwenye mfuko wa pili na kuufunga. Kasimiri alikuwa ameshaketi nyuma. Mama yake hakumtazama. Alikuja upande wa Raya, akashika dirisha.

"Huko mnakomweka," alisema, "chakula wanapokea saa ngapi?"

"Asubuhi na jioni, mama. Ukifika mapokezi utaje jina langu."

"Sijamsamehe."

"Najua."

"Nauliza tu," Magdalena alisema, na hakuliachia dirisha mpaka Amosi alipowasha gari.